Modeli ya mashua ya mbio: chagua kwa bodi, usichague kwa picha ya kasha

Mashua za mbio za zamani hudanganya macho. Hazina mizinga wala nakshi za tezi (sehemu ya nyuma), na kamba zake hazifiki nusu ya zile za merikebu ya vita. Sitaha ni tupu, mlingoti mara nyingi ni mmoja, bodi, yaani mwili wa chombo, ni refu na jembamba. Anayeanza hutazama picha iliyo juu ya kasha, akaona hiyo ndiyo rahisi. Lakini ule utupu ndio ugumu wenyewe. Kwenye merikebu yenye mapambo mengi, upapi (ubao mwembamba wa kuvisha bodi) uliokaa vibaya hujificha nyuma ya kamba. Kwenye mashua ya mbio mwanga huteleza juu ya bodi kutoka omo (mbele) hadi tezi bila kizuizi, na kila bonde na kila kinundu hujitokeza, hasa baada ya rangi ya kung'aa kupakwa.

Ndiyo maana swali la kwanza si mashua ipi inapendeza, kwa kuwa karibu zote zinapendeza. Swali la kwanza ni bodi la seti hiyo linaundwaje. Skeli (kiwango cha kupunguza ukubwa), kamba, matanga na bei hufuata baada ya hapo.

Jinsi bodi linavyoundwa

Seti nyingi za mbao hutumia mkuku wa plaiwudi, yaani uti wa chini wa chombo, na mataruma (mbavu) ya plaiwudi yanayochomekwa juu yake, kisha papi nyembamba hubandikwa kuanzia omo hadi tezi. Nyingine hutaka tabaka moja la papi, nyingine mawili: la kwanza la mbao laini ya unene wa milimita 1.5 au 2, la pili la mbao ngumu ya nusu milimita hadi milimita moja. Kwa mtu asiyewahi kubandika papi, tabaka mbili ni msamaha mkubwa. La kwanza linaweza kuwa na mianya, likajazwa puti, likapigwa msasa hadi umbo likae sawa, na la pili likafunika yote. Tabaka moja halina nafasi hiyo ya pili.

Kabla ya kununua, hesabu mataruma. Picha za maelekezo hupatikana mara nyingi kwenye tovuti ya mtengenezaji, na hapo ndipo pa kuangalia, kabla hata ya kutazama modeli iliyokamilika. Ikiwa nafasi kati ya taruma na taruma inazidi sana sentimita 5, papi za milimita 1.5 hunyooka katikati badala ya kufuata mviringo, na bodi hutoka na mbavu kama za farasi mwenye njaa. Dawa ipo: jaza nafasi hizo kwa vipande vya mbao ya balsa, uvichonge kwa msasa hadi viwe sawa na kingo za mataruma. Omo na tezi zijazwe kwa vyovyote vile, kwa sababu mashua za mbio za zamani zina ncha ndefu zinazoning'inia nje ya maji, na huko papi hukaa karibu bapa, bila pa kushikia.

Namna ya pili ni bodi lililokwisha kufinyangwa, la plastiki ya ABS au la faibaglasi. Unapata umbo sahihi, pande mbili zikiwa sawa, siku ileile unapofungua kasha. Unachokosa ni kazi ya kubandika papi, ambayo kwa wengine ndiyo raha yote. Hapa kinachoharibika ni gundi na rangi. Plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta, kwa hiyo ioshe kwa sabuni ya vyombo, ipige msasa wa namba 400 ukiwa umelowa maji, kisha tumia praima ya plastiki. Gundi nyeupe ya mbao haishiki juu yake. Boriti za sitaha zishikishwe kwa epoksi. Tena bodi la namna hii hulegea kingoni, likabana au kutanuka kwa milimita kadhaa. Kata vijiti vya urefu sawa na upana wa sitaha uliooneshwa kwenye ramani, uvitie kwa muda katika sehemu tatu au nne, na usivitoe mpaka boriti za sitaha zikauke.

Ya tatu ni tabaka za ubao zilizokatwa kwa leza na kupangwa moja juu ya nyingine kama ngazi, kisha vidato vyake husuguliwa. Mstari wa gundi kati ya tabaka na tabaka ndio mwongozo wako: kidato kikipotea, acha kusugua. Tunaipenda njia hii kwa mashua za mbio kuliko inavyopendwa na wengi, kwa sababu bodi litapakwa rangi hata hivyo, na hakuna atakayejua kama chini yake kuna papi. Nathanael Herreshoff, aliyebuni mashua kadhaa zilizoshinda Kombe la America, shindano maarufu la mashua za mbio, alianza kazi zake kwa kuchonga nusu ya bodi kwenye mbao, na vipimo vya chombo vikatolewa hapo. Seti za nusu bodi, zinazobandikwa kwenye ubao na kutundikwa ukutani, zinafuata utaratibu huohuo. Kwa anayeanza kabisa, hakuna shule bora kuliko hiyo: mikono inajifunza umbo bila kuhangaika na kamba hata moja.

Papi na mkunjo wa chini

Ukiamua kubandika papi, jua mahali ambapo mashua za mbio huleta shida kuliko vyombo vingine: pale bodi linapojikunja kuingia mkukuni. Umbo lake pale ni kama herufi S, na upapi mmoja hulazimika kupinda na kujisokota kwa wakati mmoja. Chagua seti ambayo papi zake si pana. Za milimita 4 au 5 hutii. Za milimita 7 huinua ukingo na kuacha vidato.

Hesabu ya papi ni rahisi, na watu wengi huiruka. Pima kwa ukanda wa karatasi kutoka ukingo wa sitaha hadi mkuku kwenye taruma pana kuliko yote. Tuseme umepata milimita 120 na papi zako ni za milimita 5: utahitaji papi 24 kila upande. Sasa pima taruma la omo. Ukipata milimita 72, kila upapi unatakiwa uwe na milimita 3 hapo mbele. Upunguze kwa randa ndogo au kisu kabla ya kuubandika. Ukiubandika bila kuupunguza, papi zitapandiana omoni, na hakuna puti itakayoficha hilo. Usipunguze chini ya nusu ya upana wake. Hesabu ikidai hivyo, komesha upapi mmoja njiani na uache majirani zake wawili wakutane. Kwenye tezi hali hugeuka, kwani mara nyingi nafasi ni kubwa kuliko papi zilizopo, na hapo huongezwa vipande vyenye umbo la kabari.

Mataruma ya omo na tezi yachongwe kingo kwa mshazari kabla ya upapi wa kwanza. Laza upapi mmoja juu ya mataruma matatu: lazima uguse unene wote wa kila moja, usiguse ncha tu. Loweka papi za kupinda katika maji ya moto kwa dakika 20 hivi, zibane mahali pake bila gundi, ziache zikauke usiku kucha, kisha ndipo uzigundishe. Upapi uliobandikwa ukiwa umelowa husinyaa ukikauka na kuacha mwanya. Bandika mmoja kulia na mmoja kushoto, kwa zamu. Anayemaliza upande mmoja kwanza huvuta mkuku, na bodi hupinda kama ndizi. Kwenye chombo kirefu chembamba upindo wa milimita 3 huonekana mtu anapochungulia tu kutokea tezini.

Gundi ya papo kwa papo inajaribu sana kwenye kazi hii. Itumie kwenye tabaka la kwanza kama una haraka, lakini kwenye tabaka litakalopakwa vanishi iepuke, kwani huzama ndani ya mbao na kuacha doa ambalo vanishi haiingii.

Rangi inaingia kwenye uamuzi

Hapa kuna jambo ambalo makasha hayasemi. Mashua nyingi kubwa za mbio hazikuonesha mbao kabisa. Reliance ya 1903 ilikuwa na mabati ya shaba ngumu juu ya mataruma ya chuma kigumu, yaani feleji. Endeavour ya 1934 ilikuwa ya feleji tupu. Shamrock V ya 1930 ilikuwa ya mbao za mahogani, lakini ilipakwa kijani. Kwa hiyo seti inayokutoza kwa ajili ya tabaka la pili la mbao ya thamani inakuuzia ama kitu utakachokifunika kwa rangi, ama modeli ya mapambo yenye mbao wazi ambayo mashua halisi haikuwa nayo. Hilo la pili si kosa, na wengine wanalipenda. Amua tu mapema unataka lipi.

Rangi nayo ina daraja za ugumu. Nyeupe ya mashua kama Rainbow au Ranger husamehe. Buluu nzito ya Endeavour haisamehi, kwani kila wimbi la msasa huonekana ndani ya mng'ao wake kama kwenye kioo. Ukichagua mashua ya rangi nzito, ongeza muda wa maandalizi: praima ya kijivu, taa iliyowekwa ubavuni ili kutupa vivuli, puti, msasa, praima tena, mara tatu au nne. Matabaka ya rangi yawe mepesi, na kati yake pitisha msasa wa majimaji wa namba 600 kisha 1000. Mstari wa maji uchorwe bodi likiwa limesimama sawasawa juu ya meza iliyonyooka, kalamu ikiwa imefungwa juu ya kipande cha ubao cha kimo kilekile, ikizungushwa kote. Mtu akipima kwa rula kutoka mkukuni hupata mstari uliopinda, kwa sababu mkuku wa mashua hizi hauko sambamba na maji.

Skeli na urefu wa mlingoti

Watu hupima urefu wa rafu, wakasahau kimo. Mashua ya daraja la J, kundi la mashua kubwa za mbio za miaka ya 1930, ni ndefu kwenda juu kuliko inavyolala. Endeavour ina urefu wa mita 39.6 na kilele cha mlingoti kiko karibu mita 50 juu ya maji. Kwa skeli ya 1:80 hiyo ni sentimita 50 kwa urefu na 63 juu ya maji. Ukijumlisha mkuku na kitako inapita 70. Kwa skeli ya 1:35 bodi linafika sentimita 113, na modeli nzima kwenda juu inazidi mita moja na nusu. Kampuni ya Amati ya Italia imetoa Endeavour kwa skeli hizo zote mbili, na tofauti yake si ya ukubwa tu: ile ndogo hukaa juu ya kabati, ile kubwa hudai kona yake chumbani na kasha la kioo ambalo huenda likagharimu kuliko seti.

Mashua za kabla ya daraja la J zina dasturi ndefu (mti unaochomoza mbele ya omo) na boriti ya tanga inayopita tezi. Reliance ndiyo mfano wa kupindukia: bodi mita 43.8, lakini kutoka ncha ya dasturi hadi mwisho wa boriti ni mita 61, na matanga yake yalikuwa na eneo la takriban mita za mraba 1,500. Pima daima kutoka ncha hadi ncha. Urefu wa bodi pekee hautoshi.

Skeli pia ndiyo inayofichua udanganyifu wa vifaa. Zidisha unene wa kila kitu kwa namba ya skeli. Kamba ya nusu milimita kwa 1:80 ni kamba ya sentimita 4, nene mno kwa waya wa kushikilia mlingoti. Papi za sitaha za milimita 3 kwa 1:80 ni mbao za sentimita 24, wakati mbao za sitaha za yoti kwa kawaida zina sentimita 5 hadi 8. Seti ikija hivyo, ni nafuu kuacha sitaha ya kipande kimoja na kuchora mistari yake kwa kalamu ya risasi ngumu. Makapi ya kupitishia kamba nayo yatazamwe hivyohivyo: kapi la milimita 5 kwa 1:80 ni kubwa kama gunia.

Matanga ndiyo huumia zaidi. Kitambaa cha robo milimita kwa 1:80 ni turubali la sentimita 2. Kwenye modeli ndogo kuliko skeli ya 1:50 hivi, matanga ya pamba yaliyokuja kwenye kasha huonekana kama blanketi. Tumia hariri nyembamba au karatasi ngumu yenye nyuzi, au uiache mashua na mlingoti mtupu. Mishono ya kitambaa ichorwe, isishonwe. Kwenye America ya 1851 mishono hushuka wima. Kwenye mashua za daraja la J hulala kutoka ukingo wa nyuma kwenda mlingotini. Seti kadhaa hulikosea hili, na ukilijua utalisahihisha kwa dakika kumi.

Mashua ipi, na ya mwaka gani

America ina milingoti miwili iliyolala nyuma, na matanga yake makubwa yananing'inia kwenye foromali, yaani boriti ya juu ya tanga. Ilibuniwa na George Steers huko New York, ikashinda mbio za kuzunguka kisiwa cha Isle of Wight, Uingereza, tarehe 22 Agosti 1851; kombe lenyewe limepewa jina la mashua hii, si la nchi. Kwa mjenzi ni chombo cha kati: bodi lina mikunjo mipole, kamba ni chache na zinaeleweka.

Bluenose ya Lunenburg, Kanada, iliyoshushwa majini 1921, ilikuwa chombo cha uvuvi kilichoshindana. Sitaha yake imejaa vitu: mashua ndogo za kuvulia zilizopangwa moja ndani ya nyingine, vibanda, roda za kuvutia kamba. Kazi ni nyingi lakini hufundisha mengi, na vitu hivyo huficha makosa madogo. Angalia jina kwa makini. Bluenose II ilijengwa 1963 na sitaha yake si ile ya mvuvi. Seti ya kampuni ya Model Shipways, kwa 1:64, ni ya chombo cha 1921. Kampuni ya Artesania Latina huuza Bluenose II kwa 1:75. Ukichanganya picha za moja na ramani ya nyingine, utajenga chombo ambacho hakijawahi kuwepo.

Daraja la J, lililojengwa kati ya 1930 na 1937, lilikuwa na mashua kumi tu: sita za Marekani na nne za Uingereza. Tanga kuu ni la pembetatu, halina foromali, kwa hiyo jarari na demani (kamba za kupandishia tanga na za kulivutia) ni chache. Tatizo la mwaka lipo hapa pia. Endeavour iliyorudi majini 1989 baada ya kufufuliwa ina kibanda, reli za usalama na roda nyingi ambazo ile ya 1934 haikuwa nazo. Ranger ya 1937 ilivunjwa 1941. Inayoonekana leo ni nakala ya 2003. Picha nzuri za rangi utakazopata ni za vyombo vya leo, na seti nyingi huchanganya vyote viwili. Chagua mwaka mmoja, uandike kwenye ukurasa wa kwanza wa maelekezo, na kila kifaa kipite mtihani huo.

Ikiwa unataka iogelee

Seti ya kabatini haigeuzwi kuwa ya majini kwa kuongeza rimoti. Uzito unaotakiwa hushuka kwa mchemraba wa skeli: Endeavour ilikuwa na tani kama 143, kwa hiyo modeli ya 1:35 iliyokaa kwenye mstari wake sahihi inabeba kilo 3.3 tu, pamoja na madini ya risasi, betri na mota zote. Ya 1:80 ina gramu 280, ambazo hazitoshi kitu. Kibaya zaidi, upepo haupungui pamoja na skeli. Nguvu ya kuilaza mashua hupungua kwa mchemraba, lakini nguvu ya kuinyanyua hupungua kwa kipeo cha nne; modeli ya 1:35 inalazwa na upepo uleule mara 35 kwa urahisi kuliko mashua halisi. Ndiyo maana modeli zinazoogelea hupewa mkuku wa ziada wenye risasi chini, unaochomolewa wakati wa maonesho. Tafuta seti iliyobuniwa hivyo tangu mwanzo, yenye bodi la faibaglasi au la papi lililopakwa resini ndani na nje, na urefu usiopungua mita moja.

Siku kasha linapofika

Toa mkuku wa plaiwudi kwanza, uusimamishe juu ya kioo au marumaru. Ukiwa umepinda, ulaze chini ya vitabu vizito kwa siku mbili; usiponyooka, omba mwingine, usijaribu kuunyoosha kwa papi. Linganisha mataruma na ramani ya ukubwa halisi, kwa kuyalaza juu ya mchoro. Hesabu papi na uongeze robo kwa ajili ya zitakazovunjika. Zikipungua, ni bora kuagiza sasa kuliko tabaka likiwa nusu, kwa sababu mbao za fungu lingine huja na rangi tofauti.

Kisha, kabla ya upapi wa kwanza, toboa mkuku kutoka chini katika sehemu mbili na uzike nati mbili ndani yake kwa epoksi. Kitako kitafungwa hapo kwa skrubu bodi likiwa linajengwa na baada ya kukamilika. Anayesahau hulazimika kutoboa chini ya bodi lililokwisha kupakwa rangi, mkuku ukiwa na unene wa milimita 5 na drili ikiteleza. Na shimo la mlingoti kwenye sitaha lisitiwe gundi: kamba zikishafungwa ndizo zitakazoushika, na siku ya kuhama utaweza kuulegeza na kuupitisha mlangoni.